Daftari la Jenerali

Siku Jenerali alipofariki, dada yake alikuwa anapinda suruali ya sare ya shule. Simu ilipolia alimalizia mshono kwanza, maana simu za mchana huwa za wateja wasio na subira. Hakuwa mteja. Ilikuwa sauti ya msimamizi wa nyumba ya malezi, nyororo, kama ya mtu anayetangaza kwamba maji yatakatwa. Ile homa ya mapafu imemshinda, asubuhi hii, hospitalini. Pole sana. Dada akashukuru, akakata simu, akarudi kwenye cherehani. Jioni ndipo alipoona kwamba mguu mmoja wa suruali ameuziba kabisa chini, kama mfuko.

Jenerali hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwanamume wa miaka arobaini na moja mwenye ulemavu wa akili, aliyempigia saluti kila aliyepita mbele yake, paka wakiwemo, na siku zote kwa mkono wa kushoto. Cheo alipewa na mama yao. Mama alipoanza kuugua na mikono yake ikawa haina nguvu tena za kumnyanyua, Jenerali alipelekwa kwenye ile nyumba na begi moja na daftari la shule lenye jalada la bluu.

Daftari hilo mama na dada waliliandika kwa zamu juma zima, mezani, wakiandika kila jambo ambalo mgeni angepaswa kulijua. Chakula chake kipondwe, hukabwa. Ana kifafa, dawa asubuhi na jioni. Mashine ya kunyolea anaiogopa, mnyoeni kwa mkasi. Akigoma kula, muimbieni: kijiko kinapiga hodi, mdomo fungua mlango. Dada yake huja Jumamosi, mwambieni tangu asubuhi ajiandae. Nusu ya kurasa zilikuwa na mwandiko wa mama, na mama alipofariki hakuacha mwandiko mwingine popote.

Baada ya kumzika mdogo wake, dada alikaa Jumamosi sita bila kukanyaga kule. Miguu ilikuwa inagoma. Ya saba akakata shauri: akachukue daftari.

Mlinzi wa getini alikuwa mgeni kwake.

"Unamwona nani, dada?"

"Nimekuja kwa ajili ya Jenerali," alisema, na kabla hajafafanua, mlinzi akaangua kicheko.

"Jenerali! Yuko sebuleni. Leo kanipigia saluti mpaka nikahisi nimepandishwa cheo. Pita tu."

Dada akapita. Alijiambia kwamba mlinzi kachanganya, watu wengi, milango mingi. Korido ilinukia dawa ya sakafu kama zamani. Kwenye mlango wa chumba namba nane picha ya Jenerali ilikuwa bado imebandikwa, ile ya zamani iliyofifia, kofia imemfunika nusu ya uso, mkono wa kushoto kwenye paji. Ndani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ndara zake zilikuwa chini ya kitanda, zimelowa maji. Mtu alikuwa ametoka kuoga.

Dada alisimama akizitazama zile ndara. Kisha akasikia kuimba.

Kijiko kinapiga hodi, mdomo fungua mlango.

Sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, kiti kilekile, alikuwa ameketi mwanamume aliyempa mgongo. Shati dada alilijua kabla ya kumjua mtu, maana alilishona mwenyewe: halina vifungo, kwa kuwa Jenerali alikuwa anaving'oa na kuvimeza, limefungwa kwa utepe wa kunata. Lakini mshono wa bega ulikuwa umevutika, na mikono yake iliishia katikati ya kiganja na kiwiko. Shati lile lilikuwa limevaa mtu mwingine.

Mbele yake binti mmoja, mlezi, alikuwa amepiga magoti na bakuli la viazi vilivyopondwa, akiimba maneno ya mama kwa mahadhi ya redio. Mwanamume alikuwa anafungua mdomo panapostahili. Na chini kwa chini, puani, alikuwa anavumisha mahadhi mengine, ya taratibu, yenye kupanda mwishoni. Hayo yalikuwa mahadhi ya mama. Daftarini yaliandikwa maneno tu.

"Nani kamfundisha huo wimbo?" aliuliza.

Mlezi akageuka, uso ukamng'aa. "Wewe ndiye dada! Kumbe upo kweli! Kila Jumamosi tunamwambia dada anakuja, anakaa pale mlangoni mpaka saa kumi. Jumamosi iliyopita alikataa hata kuvua viatu. Jenerali, umemwona? Si nilikwambia? Haya, mpigie saluti dada."

Mwanamume akageuza kichwa polepole, kama anayegeuka ndani ya maji. Macho yalikuwa mazito ya dawa. Akanyanyua mkono wa kushoto mpaka kwenye paji. Kidole gumba kilikuwa kimekunjwa ndani, vilevile kama pichani.

"Huyu ni nani?" dada akasema.

"Dada, jamani, utani gani huo? Amekukasirikia kidogo tu, atazoea."

"Jenerali tumemzika. Wiki ya saba hii."

Kijiko kilibaki hewani. Mlezi alimtazama dada, akamtazama mwanamume, akatazama mlangoni, upande wa ile picha.

"Nimewaambia," ikasema sauti kutoka kwenye kona. Alikuwa bibi mmoja mkazi wa siku nyingi, aliyevaa kofia ya sufu mvua na jua. "Nimewaambia siku ya kwanza. Yule alikwenda na gari. Huyu akaja na gari. Si yeye. Nimesema, nimesema."

"Bibi huwa anachanganyikiwa," mlezi alisema, kwa sauti ndogo ya mtu ambaye hajiamini tena. "Hata kwenye ripoti tunaandika. Bibi amechanganyikiwa tena." Akakirudisha kijiko bakulini. "Mimi nina wiki ya tatu hapa. Niliowakuta nao walikuwa na mbili. Mimi nilisoma daftari, dada. Nimelisoma lote. Nililipenda."

"Najua. Nimeona."

Msimamizi alikuwa ofisini anakunywa chai. Alimkaribisha kiti, akampa pole kwa mara ya pili maishani, akafungua faili moja, akafungua jingine.

"Kitanda kilikuwa wazi," alisema. "Huyu aliletwa siku mbili baadaye kutoka nyumba iliyofungwa. Walezi wakaacha kazi, wakaja wapya. Daftari lilikuwa chumbani. Ni daftari zuri mno, unaelewa? Hakuna chumba kingine chenye daftari kama lile."

"Huyu ana kifafa?"

"Chumba namba nane kina kifafa."

"Nimekuuliza mtu, bwana. Sikuuliza chumba."

Msimamizi akaweka kikombe chini. Alipekua droo mpaka ya mwisho, akatoa karatasi moja iliyokunjwa. Haikuwa na mengi. Mpole. Anakula kila kitu. Hatumii dawa yoyote. Hana ndugu. Na juu kabisa jina, jina zuri la mtu mzima, ambalo hakuna aliyewahi kulitamka ndani ya nyumba ile.

Dada aliichukua karatasi, akarudi nayo sebuleni, akachuchumaa mbele ya mwanamume na kumwita kwa jina hilo. Hakutikisika. Akamwita tena. Hapo mwanamume akageuka na kutazama mlangoni, akasubiri, kama anayetaka kuona mwenye jina akiingia. Hakuingia mtu. Akamrudia dada, akampigia saluti.

"Daftari chukua, ni mali yenu," alisema msimamizi aliyekuwa amesimama nyuma. "Ila Jumatatu naletewa walezi wengine wawili. Wakikuta chumba kitupu watamlea kwa lipi?"

Hilo ndilo lililokuwa linamkaba dada tangu alipoiona saluti. Kila alichokuwa nacho mtu huyu, kiti, wimbo, mkasi badala ya mashine, Jumamosi yenyewe, vilikuwa ndani ya lile jalada la bluu. Akiondoka nalo, anamwacha mtupu. Akiliacha, mwandiko wa mama utaendelea kumlisha dawa za marehemu.

Bibi wa kofia aliinuka, akakokota miguu, akaweka kipande cha mkate kwenye goti la mwanamume. Mlezi alitaka kukinyakua. Dada akamwonyesha karatasi: anakula kila kitu. Wakasimama wote wanatazama. Mwanamume alikinusa, akakimega, akatafuna kwa upande mmoja, taratibu, kama anayefidia wiki zote zile za viazi vilivyopondwa. Kisha akanyoosha kiganja kuomba kingine. Ulikuwa mkono wa kulia.

Mlezi aliweka bakuli chini, akajifunika uso kwa aproni.

Siku ile ile dada alimwambia msimamizi aite daktari, naye hakuondoka mpaka daktari akafika. Dawa akazipunguza kidogo kidogo, kisha zikakoma. Picha ilibanduliwa mlangoni. Ni yale mahadhi tu ambayo dada hajayapatia jibu. Bibi wa kofia, aliyeishi na Jenerali, anasema si yeye aliyemfundisha.

Daftari la bluu sasa liko kwenye droo ya cherehani. Chumba namba nane kina jipya, na dada huenda kila Jumamosi saa nne kukaa na mwenye chumba, kumtazama, na kuandika. Mpaka juzi lilikuwa na mistari saba. Wa mwisho unasema: Akiitwa kwa jina lake hutazama mlangoni. Mwiteni hivyo hivyo.