Magego Yasiyolala

Kwa miaka thelathini na minane Daktari Zuurakan hakuwahi kumtibu mtoto mwenye meno ya namna ile. Watu wa At-Bashy, mji wao mdogo wa milimani, hawakulijua hilo. Walichojua ni kwamba mama huyu mwenye mvi, anayefanya kazi peke yake katika chumba cha mwisho cha zahanati, ana mkono mwepesi, na kwamba watoto wengine huwaandikia barua ya kwenda hospitali ya Bishkek, mji mkuu. Barua hizo aliziandika haraka, amewapa wazazi mgongo, na walipokwisha kutoka alifungua dirisha hata kama nje theluji ilikuwa ikianguka.

Mwezi wa Februari akaletwa Begaim.

Alikuwa na miaka saba na nusu. Mama yake alikuwa akishona nguo Moscow, kwa hiyo aliletwa na bibi yake, Kalicha, mwanamke mnene wa sauti nene aliyejulikana mtaani kwa ng'ombe wake watatu. Mtoto alikuwa amejifunga skafu ya sufu hadi chini ya macho, na hata walipoingia ndani kwenye joto hakuifungua. Kalicha alianza kulalamika akiwa bado mlangoni. Mtoto hataki kupiga mswaki. Maji ya bomba hanywi. Chai anaingoja mpaka iwe vuguvugu kama maji ya kuogea, na mkate anautafuna kwa meno ya mbele kama panya. Darasani hafungui mdomo, na mwalimu anasema ni kiburi.

"Anaigiza," Kalicha akamalizia. "Mama yake hayupo, basi anataka dunia nzima imwangalie yeye. Hebu mtazame, daktari, umwambie hana kitu, twende zetu."

Zuurakan akamwomba mtoto akae, akaishusha skafu taratibu. Begaim akavuta pumzi kwa mdomo, mara moja tu, bila kukusudia. Hewa ikapita mdomoni kwa mlio mdogo na bega lake la kushoto likaruka. Daktari aliujua mlio huo kabla hata hajawasha taa.

Magego manne ya kudumu, yale yanayoota nyuma mtoto akifika miaka sita, yalikuwa yametoka yakiwa dhaifu. Hayakuwa na weupe wa jino. Yalikuwa na rangi ya krimu iliyochacha, yana mabaka ya kahawia, na mawili yalikwisha kumeguka pembeni kama chaki iliyolowa. Si peremende zilizoyaharibu. Yalikuwa yamejijenga bila madini ya kutosha tangu Begaim akiwa mchanga, labda kwa sababu ya homa fulani, labda kwa jambo ambalo hakuna anayelijua. Meno ya aina hiyo huhisi kila kitu: upepo, maji, hata nywele za mswaki. Na mshipa uliomo ndani huwa umewaka kiasi kwamba hata sindano ya ganzi mara nyingi haiutulizi.

Hilo la mwisho Zuurakan alilijua kwa sababu ya Upel.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Alikuwa ametoka chuoni juzijuzi, akapangiwa chumba cha tiba katika shule moja ya kijijini, huko juu bondeni, na kila wiki alitakiwa kutibu idadi fulani ya watoto. Muuguzi aliyekuwa naye alikuwa mtu mzima, mwenye kuheshimiwa, aliyewajua watoto wote kwa majina. Upel alikuwa na miaka minane. Zuurakan alimchoma sindano ya ganzi, mtoto akasema bado anahisi. Akamchoma ya pili. Bado. Muuguzi akasema watoto wote husema hivyo, akamshika kichwa, na msaidizi akashika miguu. Zuurakan akawasha mashine ya kutobolea.

"Halijalala, dada," Upel alisema. "Jino halijalala."

Alilisema kwa adabu, kama mtu anayemkumbusha mkubwa jambo alilolisahau. Hakupiga kelele. Ndiyo maana Zuurakan alijiambia kwamba hayawezi kuwa maumivu makubwa. Alitoboa, akaziba, akamsifu kwa uvumilivu. Mtoto aliteremka kitini, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka bila kuaga.

Kiangazi kilipofika familia yake ilipanda na kondoo kwenye malisho ya juu. Huko jino lile likamletea uvimbe chini ya taya, naye akaficha. Alijifunga kitambaa shingoni wakati wa jua kali, akasema koo linamwasha. Aliogopa kurudishwa kwenye kile kiti. Siku mama yake alipokivuta kile kitambaa, uvimbe ulikwisha kuteremka shingoni na mtoto hakuweza kumeza hata mate. Walimpakia kwenye farasi hadi barabarani, kisha kwenye lori. Hawakufika hospitali.

Zuurakan alikwenda msibani. Mama wa marehemu, Sonunbu, alimshika mikono yote miwili akamshukuru kwa kuja kutoka mbali. Watu wote walisema ni ugonjwa wa koo. Zuurakan aliwasikia, akala chakula cha msiba, akarudi.

Tangu siku hizo, kila alipofungua kinywa chenye magego ya rangi ile, Upel alikuwapo. Si ndotoni. Ni mchana, mle mle chumbani, karibu na beseni la kunawia mikono, ameshika viatu vyake. Hakufanya lolote. Alisimama tu kama mtoto aliyetumwa anayengoja ajibiwe. Zuurakan akishaandika barua ya Bishkek na wagonjwa wakaondoka, naye aliondoka.

Kwa hiyo na siku ile mkono wake ulikwisha kwenda kwenye karatasi. Kalicha akamwahi. Alisema Bishkek hawaendi. Njia ya mlima Dolon imefungwa kwa theluji mara mbili wiki hiyo, ng'ombe mmoja anakaribia kuzaa, na hapo nyumbani hakuna mtu mwingine.

"Kama hutaki kumtibu, sema," alisema. "Tutakwenda kumng'oa yote kwa yule wa sokoni."

Begaim alikuwa akimtazama daktari, midomo imefungwa kabisa, akipumua kwa pua. Kando ya beseni Upel naye alikuwa akimtazama. Zuurakan akaiweka kalamu chini.

"Haigizi," alimwambia Kalicha. "Yanamuuma kweli. Akipumua tu yanamuuma."

Akamweleza yote kuhusu meno yale. Uso wa Kalicha ukabadilika rangi. Alisema huyu mtoto amelelewa kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, hakuwahi kukosa kitu. Zuurakan akamjibu kwamba si kosa lake wala la mama yake, na wakati akisema hivyo alihisi kama anayesema uongo, ingawa kuhusu Kalicha ulikuwa ukweli mtupu.

Kisha akavuta kigoda, akakaa chini ya usawa wa macho ya mtoto. Akamwambia kwamba hapa hakuna kushikwa. Akiinua mkono, kazi inasimama.

"Hata kama siumwi?" Begaim aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika.

"Hata kama huumwi."

Begaim akainua mkono papo hapo. Zuurakan akaweka chini kioo chake kidogo cha kutazamia meno. Mkono ukashuka, kioo kikapanda. Mkono ukapanda tena. Siku hiyo aliuinua mara kumi na moja, Kalicha akihema kwa hasira kwenye kiti chake, na kazi yote iliyofanyika ni kuyapangusa magego kwa pamba, bila kuyapuliza hewa, na kuyapaka dawa ya kuyakaza. Alipewa mswaki laini, wa kutumia na maji ya uvuguvugu, na dawa ya kujipaka kila jioni ya kuyarudishia meno madini.

Walirudi kila wiki. Wiki ya nne magego mawili yaliyokuwa na afadhali yalifunikwa kwa saruji ya meno, Zuurakan akiikandamiza kwa ncha ya kidole tu. Upel alikuwapo mara zote. Ila mwezi wa Machi hakuwa tena kwenye beseni. Alikuwa amesogea hadi kwenye mguu wa kiti, na Zuurakan alijikuta akipita kwa kujibana asije akamgusa.

Yakabaki yale mawili yaliyomeguka. Kwa hayo kulikuwa na vifuniko vidogo vya chuma, ambavyo huvishwa juu ya gego bila kulitoboa na bila sindano. Zuurakan alifundishwa kazi hiyo kwenye semina miaka miwili nyuma, akanunua boksi zima, akalifungia kabatini. Sasa alilitoa. Alichagua kifuniko, akakijaza saruji, akakiweka juu ya gego na kuanza kukisukuma kwa kidole gumba. Kilipofika katikati, Begaim akainua mkono.

Saruji ile haingoji. Ikikauka kifuniko kikiwa kimekaa upande, itabidi kikatwe kwa mashine, na kukata ndiko hasa alikokimbia maisha yake yote. Kalicha aliliona hilo usoni mwake akasimama.

"Sukuma, daktari, umalize. Ni yale yale maigizo. Mimi nitamshika kichwa."

Na kweli akaweka viganja vyake vikubwa kwenye paji la uso la mjukuu. Zuurakan akahisi upande wake wa kushoto umepoa, kama mtu aliyesimama karibu sana ndiyo kwanza ameingia kutoka kwenye baridi. Halijalala, dada. Hakuweza kusema kama alilisikia au alilikumbuka. Kidole chake kilikuwa bado mdomoni mwa mtoto. Msukumo mmoja tu na yote yangekuwa yamekwisha.

"Toa mikono yako, dada Kalicha," alisema.

Akakivua kifuniko na kuifuta saruji. Kifuniko kikamponyoka, kikabingirika chini ya kabati. Begaim akajiinua, akamkagua.

"Ulikuwa unaumwa?" Zuurakan akamwuliza.

"Kilikuwa kinabana. Nilitaka kuona kama utaacha."

"Nimeacha."

"Nimeona." Mtoto akamwangalia machoni. "Mbona unalia?"

"Kuna mtoto mmoja sikumwachia."

"Alikukasirikia?"

"Sikumwuliza."

Kalicha, ambaye midomo ilikuwa imeshamkaa tayari kusema jambo, alirudi kukaa. Begaim alifikiri, kisha akasema kifuniko kingine wamwekee juu tu, akisukume mwenyewe kwa kuuma. Zuurakan akakiweka, na pamba juu yake. Mtoto akashika mikono ya kiti, akafumba macho, akauma pamba kwa nguvu zake zote huku machozi yakimtoka pembeni, mpaka chuma kikakaa mahali pake. Wiki iliyofuata alikiuma cha pili bila machozi.

Kufikia mwisho wa Aprili, Kalicha alikuja peke yake na mtungi wa krimu, akatoa habari kwa sauti ile ile ya malalamiko. Mtoto sasa hafungi skafu, anakula mpaka akiba ya wageni, na mwalimu amemwita kwa sababu darasani haachi kupiga domo. Kabla hajatoka alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akimpiga kwa ajili ya ule mswaki.

Alikuwa ametumaini kwamba akimtibu Begaim, Upel angeondoka. Haikuwa hivyo. Sasa alibaki hata wagonjwa wakishatoka. Mzee akija kurekebishiwa meno ya bandia alikuwapo, Zuurakan akila chakula chake cha mchana alikuwapo, kimya, viatu mkononi. Mwezi wa Mei, siku ya Alhamisi, Zuurakan alifunga chumba mapema, akapanda gari la kwenda juu bondeni.

Sonunbu, mama wa Upel, alikuwa amezeeka na kupungua, lakini alimtambua. Alimkaribisha, akaweka mkate na chai ya maziwa, akauliza habari za afya na za njiani. Zuurakan alingoja amalize. Kisha akamsimulia: sindano mbili, muuguzi, miguu iliyoshikwa, mashine. Hakujitetea kwa ujana wala kwa amri za wakubwa. Alipomaliza chai ilikuwa imepoa.

"Aliniambia," Sonunbu alisema. "Jioni ile ile. Nikamwambia daktari ndiye anayejua, anyamaze. Unadhani kwa nini na mimi alinificha?"

Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kisha Sonunbu akauliza mtoto alisema maneno gani hasa.

"Halijalala, dada. Jino halijalala."

"Sema tena."

Zuurakan akasema tena. Sonunbu alikuwa amefumba macho, ameinamisha sikio. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusikia neno jipya kutoka kwa binti yake.

"Sema kama alivyosema yeye."

Ilimbidi Zuurakan aitafute sauti ile, nyembamba, yenye adabu, na alipoipata haikuwa mbali hata kidogo. Aliisema. Sonunbu akaitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole.

Baadaye aliinuka. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo kwa desturi huwakaangia marehemu maandazi; harufu ya mafuta ndiyo inayowafikia. Alitoa donge la unga lililokwisha kuumuka, akamkabidhi mgeni kisu bila kumwuliza kama anataka. Zuurakan akakata vipande vidogo vidogo, vya mraba, akivipanga ubaoni. Mafuta yalipochemka Sonunbu alilitaja jina la Upel, akaanza kuvitumbukiza. Mlango ulikuwa wazi nyuma yao, na upepo wa mlimani ulikuwa ukiingia. Zuurakan hakugeuka kutazama kama Upel yuko pale. Aliendelea kukata.