Mtandio wa Kicheko

Ngo! Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa ndoo gizani, kikatulia, kisha kikagonga tena. Mama Kifaranga alikuwa macho. Alijua ni mumewe, anajaribu kuchota maji kwa mkono wa kushoto, mkono ambao tangu azaliwe haukuwahi kutumwa kazi ya maana. Mke mwema angeinuka akamchotea. Naye alikuwa mke mwema, ila wivu ulikuwa umemlalia kifuani kama mtoto mwenye homa: humweki chini, wala huinuki naye.

Chini ya godoro, usawa wa ubavu wake, kulikuwa na mtandio wa samawati usio wake.

Mumewe aliendesha mashine ya kukata makaratasi magumu katika kiwanda cha maboksi. Siku kisu cha mashine kilipomla vidole viwili vya mkono wa kulia, aliletwa nyumbani jioni kutoka zahanati, mkono umening'inizwa shingoni kwa mtandio ule.

"Nani kakufunga?" mkewe aliuliza, hata pole hajaitoa.

"Kicheko," alijibu mume, akafumba macho kwa maumivu.

Kicheko! Jina hilo alikuwa amelisikia wakati wa chakula hadi likawa kama kitoweo. Kicheko kasema hivi, Kicheko kawachekesha vile, bila Kicheko zamu haiishi. Sasa Kicheko alikuwa ameingia nyumbani kwake, ananukia marashi, amemzungushia mumewe mikono shingoni.

Asubuhi yake aliufua ule mtandio, akausugua kama anayesugua sufuria iliyoungua. Marashi hayakutoka. Akauanika. Na kamba ya nguo haina siri. Haukuisha kuchuruzika maji kabla jirani yao, aliyeitwa Redio kwa sababu zinazojulikana mtaa mzima, hajasimama kando yake na birika lake mkononi.

"Enhe, mtandio huo! Umeupata wapi, mwenzangu?"

"Wangu."

"Mbona sijawahi kukuona nao?"

"Ningeuvaa wapi, kwenye beseni la nguo? Nimeutoa jana nimfunge mume wangu alipojikata."

"Masikini! Kumbe alijikatia hapa?"

Hapo ndipo angeweza kurudi nyuma. Lakini uongo ukishavua viatu na kuingia ndani, hauombi tena ruhusa ya kukaa. "Hapa hapa. Alikuwa anarekebisha dirisha." Akamgeukia mwanawe, aliyekuwa akicheza na vibanio vya nguo. "Si ndiyo, Kifaranga? Mtandio wa nani huu?"

"Wa mama," alisema mtoto, vile vile alivyofundishwa wakati wa kunawa uso.

Tatizo ni kwamba Redio alikuwa akiuza chai kwenye geti la kiwanda. Birika halijachemka mara ya pili, habari ilikuwa imeshamfikia msimamizi.

Mume alikuja kuyajua hayo alipokwenda kuulizia fidia yake. Alirudi amenywea, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Wanasema nilijikatia nyumbani," alimwambia mkewe. "Msimamizi ananicheka, eti mfuko wa fidia hauwalipi mafundi wa madirisha. Eti mke wangu mwenyewe kasema."

Mama Kifaranga alikuwa akichambua mchele. Kidole kikasimama juu ya punje moja. "Redio huyo. Si unamjua anavyojitungia?"

"Basi gharama za zahanati ni zetu. Mshahara wa siku ninazokaa hapa, hakuna. Na hivi vidole vilivyokwenda, ndiyo vimekwenda bure. Kesho afisa wa mfuko anakuja hapa kusikiliza mwenyewe. Asipopata shahidi, faili linafungwa."

"Si kuna huyo… huyo mwenzio?"

"Kicheko? Ndiye pekee aliyekuwa karibu. Nimemtumia salamu, anajibu hataki maneno ya watu." Mume akautazama mkono wake. "Hata sijui nimemkosea nini."

Mama Kifaranga alijua. Ndiyo maana alikuwa macho kikombe kilipogonga ndoo. Mke keshasema ni yeye aliyemfunga mumewe. Mwanamke mwingine akijitokeza na kusema, "La, ni mimi niliyemkumbatia," ataitwaje? Kwa neno moja alikuwa ameziba mdomo wa Kicheko na kukata mkono wa mumewe mara ya pili.

Kulipopambazuka aliutoa mtandio, akaukunja, akamshika Kifaranga mkono.

Kicheko alipanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Njia nzima Mama Kifaranga aliomba amkute kizee, au walau mwenye pengo. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye shingo ya kuvalia shanga na meno yote yamekaa mahali pake, mengine yakionekana hata kabla hajacheka. Mungu naye, alinung'unika moyoni, kumpa pengo moja tu kungemgharimu nini?

"Mama, huyu nimwite nani?" Kifaranga aliuliza.

Swali dogo, lakini lilikwama kama mwiba wa samaki. Mama mdogo? Afadhali kumeza jiwe. Mama wadogo wengine huanza kwa kuitwa tu, kisha wanahamia na kitanda.

"Mwite shangazi," alisema haraka.

Kicheko akamtazama, akaelewa, na kile kicheko chenyewe kikamtoka, kirefu, kilichotikisa mapazia. "Shangazi! Haya. Dada wa baba hana njia ya kuolewa na baba. Karibu, wifi yangu."

Mama Kifaranga hakucheka. Aliuweka mtandio kitandani. "Nimeleta wako."

"Nimesikia ni wako."

Kicheko akaketi ukingoni mwa kitanda, kando ya mtandio.

"Dada," Kicheko alisema, safari hii bila kucheka, "damu ilikuwa inaruka. Ningekuwa na gunia ningemfunga kwa gunia. Nilichokuwa nacho kichwani ndicho nilichovua. Na njia nzima ya zahanati unajua alikuwa anasema nini? 'Usimwambie mke wangu vidole vimetoka, mwambie vimechubuka.' Alikuwa anakuogopa wewe kuliko mauti."

Jambo hilo lilitakiwa limfurahishe. Lilimfurahisha, kisha likamchoma: maneno hayo ya mumewe yalikuwa yake, na aliyeyasikia alikuwa mwingine.

"Njoo useme hayo kwa afisa," alisema.

"Nije niseme mke mwongo, halafu jioni niwe mimi ndiye nyumba ndogo? Hapana. Mimi sina mume wa kunitetea; jina langu ndiyo mlango wangu." Akauinua mtandio, akaunusa. "Ukianza wewe, nitafuatia. Na si ndani tu mbele ya afisa. Uwanjani pia, mbele ya hiyo redio yenu."

Afisa alikuja alasiri, kijana mpole aliyevua viatu vyake mlangoni kama anayeingia msikitini. Redio aliitwa kwa kuwa ndiye aliyetajwa na kiwanda. Kicheko alikaa karibu na mlango, mtandio mapajani.

Mume ndiye aliyeanza, jasho likimtoka. "Afisa, niseme ukweli. Kinga ya ile mashine niliiinua mwenyewe, boksi lilikuwa limekwama. Kama kosa, ni langu."

"Hatutafuti mwenye kosa, kaka," alisema afisa. "Mtu huchoka, mtu hukosea. Mfuko huuliza mambo mawili tu: uliumia wapi, na ulikuwa ukifanya kazi ya nani? Ikiwa ni kazini, unatibiwa, unalipwa siku ulizoshindwa kufanya kazi, kisha daktari anaupima mkono aone umepoteza kiasi gani cha nguvu zake, nacho kina malipo yake. Ila hapa nimeambiwa dirisha."

"Dirisha ndiyo," Redio alidakia. "Si uliniambia wewe, Mama Kifaranga?"

Macho yote yakamgeukia.

"Nilikwambia. Nilisema uongo," alisema. "Aliumia kiwandani. Huyu dada alivua mtandio wake akamfunga. Mimi niliona wivu, nikataka nionekane nimemfunga mimi."

Redio aliacha mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na matangazo. Mume alimtazama mkewe. Alitaka kucheka, cheko likamfia mdomoni, akauinamia mkono wake uliofungwa, na kuinama kule kulimuuma mkewe kuliko ngumi.

Ndipo Kicheko akaeleza: mashine ipi, alisimama wapi, alivyozima umeme. Afisa aliandika, akauliza, akaandika tena. Mwishoni alisema faili halitafungwa, na kwamba wiki ijayo mkono uende kwa daktari. Mume akashusha pumzi ndefu kama aliyekuwa amebeba gunia tangu asubuhi.

Walipotoka, uwanja ulikuwa umejaa. Redio alikuwa ametangulia nje, na watu walijua habari inachemka. Kicheko alijifunga mtandio kichwani. Ulimpendeza. Mungu wangu, ulimpendeza sana! Mama Kifaranga alichungulia kwa pembe ya jicho: mumewe alikuwa akiangalia jinsi ya kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Akamsogelea, akamfungia.

"Haya tuelezeni na sisi wa nje," Redio alipaza sauti, mkono kiunoni. "Mtandio ule wa nani, na mwenyewe ni nani kwenu?"

Kicheko alisimama palepale, hakugeuka, akingoja.

Mama Kifaranga alichuchumaa mbele ya mwanawe, akamfuta vumbi shavuni. Mtoto alimtazama machoni, akitafuta ni jibu lipi linalotakiwa leo.

"Sema kweli, mwanangu," alimnong'oneza. "Kwa sauti, wote wasikie."

Kifaranga alivuta pumzi hadi tumbo likatokeza.

"Mtandio si wa mama, ni wa shangazi!"