Koa Aliyemezwa

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika mdogo wake, Dada Chupa alirudi kazini. Jina hilo hakupewa na wazazi. Walimpachika wenzake wa maabara, kwa kuwa katika miaka tisa ya kuosha na kupanga vyombo vya kioo hakuwahi kuvunja hata kimoja.

Kazi yake ilikuwa kukamua sumu ya makoa wa bahari. Koa ni konokono asiye na gamba, laini kama ulimi, ana rangi za kumfanya mtu amsogelee, na mbio hana. Ungedhani samaki wangekuwa wamemmaliza zamani. Lakini ngozi yake imejaa vifuko vidogo vya sumu chungu, na samaki akimtia mdomoni humtema papo hapo. Dada Chupa aliwaloweka makoa kwenye spiriti, akachuja, akakausha, na mwisho akapata unga mdogo unaokaa kwenye ukucha. Unga huo Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa akiuchunguza kwa miaka sita. Wataalamu wengine walisema koa wa aina hii huchota sumu kwenye sponji anazokula, viumbe hai walionata miambani chini ya bahari. Profesa alikataa katakata. Kwake yeye, koa huyu alijipikia sumu mwenyewe mwilini.

Asubuhi hiyo wenzake walimpa pole mmoja mmoja, naye akaitikia kila mmoja. Mikono aliiona ikifanya kazi kama mikono ya mtu mwingine. Chai aliyowekewa ilipoa, akainywa hivyo hivyo. Msibani alisikia shangazi yake akimnong'oneza jirani, "Huyu moyo wake umekufa ganzi," na yeye akawaza tu kwamba shangazi hajakosea.

Saa nne Profesa alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mchoro wa mashine ya kupima kemikali. Siku zote mchoro ulipanda kama mlima pale penye sumu, lakini huu ulikuwa umelala chali.

"Hii ni ile kazi uliyoifanya siku tatu kabla ya msiba," alisema Profesa kwa upole. "Sumu hakuna, hata chembe. Dada, ulikuwa unatoka hospitali unakuja hapa, unatoka hapa unarudi hospitali. Binadamu ni binadamu. Nadhani ulimwaga chupa isiyo yenyewe."

"Inawezekana," alisema Dada Chupa.

Profesa alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Akamsogezea karatasi ya pili. "Basi nimeandika kosa la fundi. Weka sahihi hapo chini, yaishe."

Alichukua kalamu. Kusaini kusingemuuma, hakuna kilichokuwa kinamuuma. Lakini mazoea ni mazoea, na katika miaka tisa hakuwahi kusaini kitu bila kufungua daftari lake. "Nikague kwanza daftari, Profesa. Halafu nitasaini."

Siku ile yenyewe haikumjia akilini hata kidogo. Hata hivyo daftari lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake, mstari hadi mstari: uzito wa makoa, vipimo vya spiriti, namba za chupa, na alama ya vema kila hatua. Chupa alizokuwa amezihifadhi kabatini zilikuwa na namba zile zile. Hakuna kilichomwagwa. Kama sumu haikuwemo kwenye chupa, basi haikuwemo kwenye makoa.

Akashuka chini kwenye matangi walimofugwa makoa.

Mtunza matangi, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa anasugua kioo. Alipomwona aliacha brashi. "Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa, mzee. Ila kazi yangu ya mwisho haikutoa sumu." Alikuwa anatazama ndani ya tangi. Makoa walikuwa wametulia juu ya sponji ya manjano. "Ile sponji ya kijani iko wapi?"

Mzee alijifuta mikono kwenye suruali, taratibu mno. "Ilioza. Pampu ilizimika, maji yakaharibika, sponji yote ikafa. Nikawatilia hii nyingine, wakaila vizuri tu. Nikasema nisikutie mawazo, una mgonjwa."

"Lini?"

"Wiki ya saba hii."

Wiki saba. Hadi msiba ulipotokea alikuwa ameingia na kutoka chumba kile kila siku, amewapokea makoa kwa ndoo kutoka mikononi mwa mzee huyu, na hakuona kwamba kijani kimegeuka manjano.

Aliokota koa mmoja kwa kijiko, akaenda naye kwenye tangi la pili. Humo alikaa samaki wa majaribio, mwenye tumbo la mviringo, waliyemwita Mlafi kwa kuwa alikula kila kitu isipokuwa koa. Miaka sita alikuwa akiwatema. Koa alizama polepole. Mlafi akamfuata, akamdaka, akatulia. Kisha akameza.

"Lo!" alisema mzee. "Amemmeza!"

Akampa wa pili, naye akamezwa.

Mzee aliketi kwenye kiti. "Nimekuponza, mwanangu. Na mimi nimejiponza. Profesa akijua atanifukuza kabla ya kiinua mgongo."

Dada Chupa alisimama huku maji yakimchuruzika kwenye kiwiko. Alijua kuna karatasi juu inayomngoja, na kwamba angeweza kuisaini, mzee akapona, na yeye asipungukiwe na kitu. Alilipima jambo hilo kama anavyopima unga. Kisha akasema, "Profesa ameniandikia kosa. Nikisaini, daftari langu litakuwa limesema uongo. Twende wote, mzee. Nitaanza kusema mimi."

Profesa aliteremka mwenyewe. Hakuamini mpaka Mlafi alipommeza koa wa tatu mbele ya macho yake. Aligeuza ndoo, akaikalia.

"Miaka sita," alisema. "Kumbe ni wezi tu. Wanaiba sumu ya sponji."

"Si wezi, Profesa," mzee alijikuta akisema. "Wanakula kilichopikwa na mwingine. Hata mimi nyumbani ni hivyo hivyo."

Profesa hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliuliza tarehe kamili ya kubadilisha sponji. Mzee akamwonyesha ukuta nyuma ya bomba: kila siku kwa chaki, idadi ya makoa, rangi ya sponji, kilicholiwa na kilichobaki. Hakuna aliyewahi kumwambia aandike. Profesa alitoa kalamu akaanza kunakili, amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji.

Alipoinuka alimgeukia Dada Chupa. "Niwie radhi. Nilikuhukumu."

"Haidhuru," alisema, na kwa kweli haikumdhuru.

Miezi minne baadaye sponji ya kijani ilikuwa imeoteshwa upya, makoa wamekula, na mchoro wa mashine umesimama. Profesa aliandika ripoti ya kujipinga mwenyewe, na chini ya jina lake akaweka la Dada Chupa na la mzee wa matangi.

Siku hiyo Dada Chupa alimsimulia mama yake wakiwa wanachambua mboga jikoni. Mama alisikiliza yote, sponji, chaki, Profesa juu ya ndoo.

"Mdogo wako angecheka mpaka aanguke," mama alisema.

"Hasa hapo pa ndoo," akajibu Dada Chupa. Akangoja kuona kama kuna kitakachofuata ndani yake. Kulikuwa na kitu, kidogo, mbali, kama mguu unaoanza kutoka ganzi baada ya kukaliwa. Akavuta fungu jingine la mboga, akaendelea kuchambua.