Seva Iliyoamkia Kutoka Puge

Asubuhi ya kuhesabu mali, Saleha alivua viatu mlangoni mwa kituo cha data cha Cheyo, akavaa kandambili za ndani, akaingia chumba cha seva na skana mkononi. Kiyoyozi kilipuliza, feni zilinguruma, na kila seva ilikuwa na tagi yake ubavuni. Zilikuwa tagi bubu, zisizo na betri. Tagi ya namna hiyo haisemi lolote mpaka skana iisogelee na kuiuliza. Hapo ndipo hujitaja.

Skana ilipita kabati la kwanza, kimya. Saleha alikuwa amekulia katika nyumba ya Waarabu wafanyabiashara, ambako mtoto asiyesalimia hapewi chai, akakumbuka kwamba ameingia bila salamu.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," seva zote zikaitikia, na skana ikajaa namba.

Seva zilikuwa changa kuliko mtu yeyote pale, lakini zilipokea shikamoo bila haya. Tangu siku hiyo Saleha aliamkia kila kabati kabla ya kuhesabu, na kazi ikaenda vizuri.

Balaa lilianza meneja, Bwana Adriano, alipotaka kuhesabu mwenyewe.

"Mimi niamkie chuma?" alisema. "Kwa umri upi?"

Akapitisha skana bila salamu, safu nzima ikamnyamazia, naye akatangaza kwamba safu nzima imeibwa. Ilikuwa imesimama mbele yake inawaka taa. Saleha alirudia kwa adabu zake. Zikaitikia zote isipokuwa mbili, kubwa kuliko nyingine, ambazo nafasi zake zilikuwa wazi kweli. Muda wote huo Bwana Adriano hakuyatazama yale mapengo hata mara moja. Saleha aliliona hilo akaliweka moyoni.

Kuanzia hapo watu walipekuliana mikoba. Mama wa chai alianza kufungia sukari kwa kufuli, na mtu akienda chooni, mwenzake alikohoa nje ili ajue anasubiriwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bwana Adriano, akilitazama koti la Idrisa, mlinzi wa getini. Lilikuwa koti kubwa, ingawa si la kuficha seva. Hata hivyo lilitosha. Idrisa alifukuzwa kazi, akaambiwa aripoti polisi kila Jumatatu mpaka kesi iishe. Wiki ileile, waliomposa binti yake, Tunu, walifika nyumbani kwake Ntalikwa kuomba radhi: hawawezi kuoa kwa mwizi. Hilo ndilo lililomvunja. Kazi angepata nyingine, hata ya vibarua kwenye tumbaku, lakini jina hakujua angelitafuta wapi.

Ndipo makao makuu ya Dar yalipomtuma Benedikta na boksi la tagi za betri, ili zishindanishwe na zile bubu. Nusu ya seva zikabandikwa hizo mpya. Tagi za betri hazingoji kuulizwa.

"Shikamoo! Niko kabati la pili!" ilipaza moja. "Shikamoo! Nina joto!" ikapaza nyingine, na ikawa hivyo kutwa, kupitia ukuta na mlango, mpaka watu wakachoka kuitikia. Maelekezo yalisema sauti yao hufika mita mia tu. Bwana Adriano alikuwa msomaji mzuri wa maelekezo.

Ijumaa jioni aliwasha gari kwenda kwao, Nzega. Jumamosi asubuhi kulikuwa na pengo la tatu.

Barabara ya zamani ya misafara, hata hivyo, haikupata nakala ya maelekezo. Wapagazi wa kale bado wanaipita na mizigo mabegani, na walipoikuta sauti ya seva pale Puge, njiani kwenda Nzega, haina wa kuibeba, waliichukua. Walipokezana njia nzima kama walivyopokezana pembe za ndovu, wakaifikisha getini ikiwa na vumbi. Mlinzi mpya aliwapekua, kisha akawaruhusu kuingia.

"Shikamooni," ilisema ile sauti mbele ya Saleha na Benedikta. "Niko Puge, chini ya magunia ya mpunga, ndani ya gari la bosi. Wenzangu wawili walitangulia njia hiihii."

"Marahaba," waliitikia wote wawili.

"Hiyo ni zaidi ya mita mia," alisema Benedikta.

"Mbali sana," alisema Saleha.

Lakini Benedikta aliipata kazi yake kwa mkono wa Bwana Adriano, na mtu hatukani wakunga na uzazi ungalipo. Kwenye kikao cha Jumatatu alieleza kwamba tagi za betri ni ghali, zina kelele na hazina adabu, maana zinasema zisiloulizwa. Alipendekeza kituo kibaki na zile bubu. Bwana Adriano alimshukuru. Seva ya tatu ikaongezwa kwenye kesi ya Idrisa, ambaye hakuwa amelikaribia geti tangu afukuzwe. Ilikuwa dhuluma, na kila aliyekaa pale aliijua. Saleha alikuwa na maneno yote tayari, akingoja mtu amgeukie na kumuuliza. Kikao kikafungwa kwa sala.

Jumapili iliyofuata alikwenda Ntalikwa. Idrisa alikuwa barazani na Tunu, wanamenya karanga.

"Shikamoo, Mzee Idrisa. Shoga, hujambo?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Idrisa. Tunu hakuinua kichwa. "Naambiwa na ya tatu nimeiba mimi."

"Nilikuwepo kikaoni, mzee."

"Na ile sauti uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ukasema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Idrisa akapuliza maganda kwenye kiganja.

"Wapagazi walipita hapa kunywa maji," alisema. "Wamenieleza yote, mpaka rangi ya magunia. Na mimi sikuwauliza."

Tunu akausogeza ungo ili mgeni apate nafasi. Saleha akaketi, akaanza kumenya.