Hakuna Aliyemkaba Ngazi

Nianze na binamu yangu, maana yote yalianzia kwake. Mtoto wa shangazi, tumelala kitanda kimoja tangu tuna meno ya utoto. Yeye alikuwa mmoja wa wafungaji wetu wawili wa mpira wa pete, mimi nahodha. Basi akahamia shuleni kwetu msichana mmoja mrefu kupita kiasi, tukambandika jina la Ngazi siku hiyo hiyo. Mwalimu wa michezo akamvua binamu yangu kizibao cha mfungaji, akampa yeye. Binamu alilia mpaka kwikwi. Nami nikikasirika sina breki.

Tulikutana nyuma ya vyoo, tukakubaliana: Ngazi hapewi mpira. Mwalimu mwenyewe nusu ya mazoezi anasahihisha madaftari, angejuaje? Akiinua kichwa, tunamrushia Ngazi mmoja wa magotini, ukimponyoka tunaangua kicheko. Wiki ya kwanza alikuwa akiita, "Hapa, hapa," mikono juu. Wiki ya tatu akawa anainua mikono bila kuita. Baadaye hata mikono akaacha kuinua. Lakini mazoezini alifika wa kwanza kila siku, akatujazia maji chupa zote, nasi tukanywa bila asante. Roho ilinisuta mara mojamoja, sikatai. Niliiambia ikae kimya.

Ikaja mechi ya kusonga mbele. Tukifungwa, ndiyo basi mpaka mwakani. Wapinzani nao si wajinga. Walishaona Ngazi hapewi kitu, wakaacha kumkaba, wote wakamganda mfungaji wetu mwingine. Dakika ya mwisho tulikuwa sare. Mpira ninao mimi, refa anatazama saa, na Ngazi yuko peke yake chini ya pete. Hapo hasira ziliniisha zote, nilitaka ushindi tu. Nikamrushia mpira mzuri wa kifuani, wa kwanza wa kweli tangu aje shuleni kwetu.

Hakuinua mikono. Mpira ulimpiga begani, ukatoka nje. Wapinzani wakaurusha haraka, wakafunga, na filimbi ikalia.

Mwalimu alimfokea mbele ya wote. "Umelala? Mpira unakuja, wewe unautazama tu?"

"Nilidhani si wangu, mwalimu," Ngazi akasema kwa sauti ndogo.

Mwalimu akakunja uso, akanigeukia. "Nahodha, huwa hamumpi mpira huyu?"

Binamu alinifinya mkono. Wengine walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Tunampa kila siku," nikasema. "Mikono yake tu ndiyo mibovu."

Nilijua sasa ananiumbua. Angesema neno moja tu, unahodha wangu ungekwenda na maji, na ningestahili. Ngazi alinitazama.

"Ni kweli, mwalimu," akasema. "Huwa wananipa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado sikufungua mdomo.

Kwenye basi la shule aliingia wa mwisho, kizibao amekikunja vizuri mkononi. Binamu alikuwa amekaa nyuma na wenzetu, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Ngazi akaja akasimama hapo, akatabasamu kidogo, akisubiri. Nilijua anachotaka. Timu nzima ilikuwa inatutazama.

Nikaokota begi langu sakafuni, nikaliweka kitini.