Mayai Matatu ya Tausi

Bulaimu alikuwa ametembea maisha yake yote, Nyangwe, Kasongo, Kabambare, na kila msitu alimolala alimsikia tausi akilia kabla hakujakucha. Sasa miguu ilikuwa imekataa, na hapo Wamaza masikio yake yalingoja bure. Ndiyo maana Emile, mchimba dhahabu, alipopita akitoka Salamabila na mayai matatu ya tausi ndani ya kofia, mzee alimwomba kama mtu anayeomba dawa.

"Nilitaka kuyakaanga, Baba," Emile akasema. "Muti tulikata, mama yao tulimula. Kule hakuna tena ingine."

Marguerite, mkewe Bulaimu, alikuwa na kuku aliyeanza kulalia siku ileile. Mzee akayasukuma mayai aliyopewa katikati ya saba ya kuku, na kila asubuhi akachora mstari wa makaa mlangoni.

Siku ya ishirini na moja vifaranga saba vikatoka. Kesho yake kuku akavipeleka jalalani kuchakura, akayaacha matatu ya watu.

"Yameoza," jirani yao Clovis akacheka. "Mzee, unataka kuangua mawe?"

Bulaimu akahesabu mistari mara mbili. Siku zilikuwa zimetimia na kupita. Akachukua yai moja, akaligonga kwenye jiwe la jiko, harufu imalize ubishi.

Hakukuwa na harufu. Kifaranga kilikuwa ndani, manyoya yamelowa, kiini bado kimeshikana na tumbo. Kiguu kimoja kikajikunja, kikanyooka, kikatulia.

Marguerite akashika mdomo. "Bulaimu weye! Bata yangu inalaliaka siku ngapi? Inapita mwezi! Nani alikuambia kila ndege iko kuku?"

Mzee akaenda jalalani. Akamrudisha kuku kiotani kwa nguvu, kuku akamdonoa mkono na kuwafuata wanawe. Basi mayai mawili akayafunga kwenye kitenge, akayabana tumboni pake, akalala kitandani karibu na moto. Mistari aliendelea kuchora Marguerite.

Siku ya thelathini Clovis akaja, safari hii hakucheka. "Baba, amuka basi ule."

"Nyamaza. Nasikiliza."

Akaweka yai moja sikioni, halafu la pili, halafu tena lile la kwanza.

Siku ya thelathini na tatu harufu ikaja yenyewe. Marguerite akamfungua kitenge taratibu, na mzee akamwachia.