Udongo Wenye Kumbukumbu

Mume wangu amefundisha kemia maisha yake yote, na sijawahi kumwona akirudi na mwavuli alioondoka nao. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye mapipa mawili msije mkanishangaa.

Mimi kazi yangu ni kutia vitambaa rangi. Karakana niliachiwa na mama, na kwangu mimi kuifunga ni sawa na kumzika mara ya pili. Shida yetu ilikuwa maji machafu. Tukishasuuza vitambaa, maji yalitiririka na rangi yake mpaka kwa jirani, na bata wake weupe wakageuka zambarau. Jirani hakucheka. Akatuletea afisa wa mazingira, mwanamume mrefu tuliyembandika jina la Bwana Maji, naye akasema atarudi Alhamisi, na akikuta maji yana rangi anatia kufuli mlangoni.

Hapo ndipo Mwalimu, maana ndivyo ninavyomwita mume wangu hata tukigombana, alipoibuka na unga wake. Ni udongo wa madini aliyoyapika mwenyewe, wa tabaka tabaka kama shuka zilizokunjwa kabatini. Ukiutia kwenye maji machafu ukakoroga, rangi inajipenyeza katikati ya zile shuka na kunasa humo. Unga unatuama chini, maji yanabaki safi. Baadaye ukiuchoma kwenye moto mkali, rangi inaungua na tabaka zinavunjika, lakini ukiurudisha majini unajipanga upya kama ulivyokuwa.

"Huu udongo una kumbukumbu," akaniambia, macho yanamng'aa.

Nikamwambia auulize kama unapokea wanafunzi.

Sasa mapipa. Tunayo mawili ya bluu, pacha kabisa: moja la kutilia rangi, jingine la maji machafu. Jumatano Mwalimu akamimina unga wake wote kwenye lile la kutilia rangi, akakoroga kwa mapenzi, akaenda zake. Mimi sina habari, nikatumbukiza bila kuchungulia vitambaa vyeupe vya sare za kwaya, vilivyopaswa kutoka zambarau iliyokolea, nikaingia jikoni. Nilipovitoa vilikuwa vyeupe pe. Nikadhani macho yangu ndiyo yamekwisha, nikavirudisha. Mwalimu akapita, akachungulia pipani, akasema kwa fahari kwamba dawa imefanya kazi.

Sikumpigia kelele. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia, kwa sababu unga umekwisha, pipa la maji machafu liko vile vile, na kesho ni Alhamisi. Nililia kwa ajili ya mama, na kidogo kwa ajili ya kwaya.

Mwalimu akavua saa, akachota lile tope la zambarau lote, akalipeleka kwa mfinyanzi wa mtaa wa pili, akaomba tanuri. Jioni alirudi na masizi puani na unga mweupe ndani ya sufuria yangu nzuri. Habari ya sufuria niliimeza. Asubuhi akautia pipani, akakoroga, akafunika mapipa yote mawili.

Bwana Maji alifika na glasi yake, akaomba aonyeshwe maji machafu. Nikamwonyesha pipa. Akaweka mkono kwenye kifuniko, na hapo hapo Mwalimu akanishika kiwiko.

"Mke wangu," akaninong'oneza, "hivi asubuhi nilitia pipa gani?"

Mimi nilikuwa najua. Tangu alipotoka kitandani nilikuwa dirishani pa jikoni namwangalia, na kama angekosea ningemrukia. Lakini pale kwenye kamba zilikuwa zinaning'inia sare za kwaya, nyeupe kama shuka za hospitali. Nikazitazama, nikanyamaza. Jasho lilimtiririka Mwalimu mpaka kwenye kola.

Bwana Maji akachota, akainua glasi juani. Tukaviona vidole vyake upande wa pili, vyote vitano. Akanusa, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema tuendelee na kazi, ila bata watachukua muda.

Alipotoka, Mwalimu akajitupa kwenye ile ndoo niliyoikalia jana nikilia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisahau, Mwalimu."